Kabla Hujakata Tiketi kwa Ajili ya Meno

Maandishi ya hotuba ya daktari wa meno kutoka Dar es Salaam kwa wazungumzaji wa Kiswahili wanaoishi Minnesota, Marekani

Wazee wetu mlioketi mbele, shikamooni. Akina mama, kaka na dada, na nyinyi vijana mliosimama mlangoni kwa kukosa viti, habari za jioni. Nimepewa nusu saa kabla ya pilau, na harufu yake imeshafika hapa mbele, kwa hiyo sitazunguka.

Mimi ni daktari wa meno. Nilisomea Muhimbili na kazi yangu iko Dar es Salaam. Kila Desemba, na tena shule za huku zinapofungwa Juni na Julai, kiti cha kliniki yetu hukaliwa na watu wenu: wa Minneapolis, wa Houston, wa Toronto, wa Leicester. Basi mjue mapema kwamba nina maslahi yangu katika jambo hili. Mkija, napata riziki. Hata hivyo jioni hii baadhi yenu nitawaambia msije, wengine nitawaambia msiende popote, na wachache nitawaambia wakate tiketi hata kesho.

Swali ninaloulizwa kwa simu, kwa WhatsApp, hata msibani, ni hili: "Daktari, huku nimeambiwa dola elfu tano. Nije nyumbani, niende Mexico, au nilipe tu?" Mtu hutaja bei kabla ya kutaja jino. Nikimuuliza ni jino lipi na lina nini, kimya. Sasa mimi nitakushauri vipi kuhusu safari ya kitu ambacho hata wewe mwenyewe hujakijua?

Tuanze na hiyo bei, maana ni ya kweli. Hapa Marekani implanti moja, yaani skurubu ya titani inayoingizwa kwenye taya pamoja na jino la juu yake, kwa kawaida hugharimu kati ya dola 3,000 na 6,000. Kutibu mizizi ya gego moja na kulivika kofia, yaani gamba gumu la kulifunika jino lote, bila bima, dola 2,000 hadi 3,500 si ajabu. Kwenye kliniki binafsi nzuri ya Dar au Nairobi, kazi hizo hizo mara nyingi hufanywa kwa theluthi ya bei hiyo au chini yake.

Tofauti hiyo haimaanishi kwamba daktari wa huku ni mwizi. Kijana anayemaliza udaktari wa meno Marekani hutoka chuoni na deni ambalo kwa wastani linakaribia dola 300,000. Juu yake aweke pango la kliniki, mishahara ya wasaidizi, bima ya kushtakiwa. Vyote hivyo vimo kwenye jino lako. Kwetu gharama hizo ni ndogo zaidi, lakini skurubu ni ile ile ya Uswisi, Sweden au Korea Kusini, na sisi tunaagiza kwa fedha za kigeni kama wengine. Kwa hiyo bei ya chini peke yake isikutie hofu. Bali ukiona mtu anakutajia bei ambayo haitoshi hata kununua skurubu yenyewe, hapo shtuka na uulize anapata wapi vifaa.

Na bima? Mnazijua. Bima nyingi za meno za huku zina kikomo cha mwaka, mara nyingi kati ya dola 1,000 na 2,000, na kikomo hicho hakijasogea sana tangu miaka ya 1970. Medicare, bima ya serikali ya wazee iliyoanzishwa mwaka 1965, ile ya kawaida, karibu haigusi meno: haizibi, haing'oi, haitengenezi meno ya bandia, isipokuwa kwa visa vichache vinavyofungamana na matibabu mengine. Mzee amesimama kiwandani miaka yote, anastaafu, serikali iko tayari kumlipia moyo na figo, lakini mdomo hauhesabiwi kuwa sehemu ya mwili. Mtu kama huyo akianza kutazama bei za tiketi simlaumu.

Ila aanze na kupimwa, na apimwe hapa hapa. Daktari akupe mpango wa matibabu kwa maandishi, wenye namba za kila kazi. Kliniki zote za Marekani hutumia namba zile zile: D3330 ni kutibu mizizi ya gego, D2740 ni kofia ya kauri, D6010 ni kuingiza skurubu ya implanti. Ukiniandikia "Dokta nataka kurekebisha meno", sina cha kukujibu. Ukinitumia namba na picha ya eksirei, nitakupa bei siku hiyo hiyo, na daktari wa Mexico au wa Nairobi naye atakupa yake, nawe utalinganisha jino na jino. Nakala ya eksirei ni haki yako kisheria. Usikubali kuambiwa ni mali ya kliniki.

Ukishapata karatasi hiyo, itafutie kwanza bei nyingine papa hapa. Mna shule ya udaktari wa meno ya University of Minnesota hapa mjini. Wanafunzi wanatibu chini ya macho ya walimu wao, kwa bei nafuu, ingawa kazi ya saa moja inaweza kula asubuhi nzima kwa sababu kila hatua lazima mwalimu aje aikague. Kuna vituo vya afya vya jamii vinavyotoza kulingana na kipato. Na jimbo lenu ndilo lililokuwa la kwanza nchini humu, mwaka 2009, kupitisha sheria ya matabibu wa meno, watu wa ngazi ya chini ya daktari wanaoruhusiwa kuziba na kung'oa baadhi ya meno. Sisi Tanzania kada hiyo tunayo kwa miaka mingi, na nilifurahi kidogo kusikia Marekani imetufuata. Nayasema haya kwa sababu nimewapokea watu waliolipa nauli ya zaidi ya dola elfu moja, wakakaa angani siku nzima, kuja kuzibiwa tundu moja dogo.

Sasa tuzungumze kuhusu kazi zinazosafiri na zisizosafiri.

Kuziba, kung'oa jino la kawaida, kutibu mzizi: hizi huisha kwa mara moja, mbili au tatu, na ukiwa na wiki tatu nyumbani zinatosha. Na kuna faida ambayo hainunuliki huku, nayo ni kueleza maumivu kwa lugha yako. Mgonjwa akiniambia jino linakata akinywa maji baridi halafu linatulia, namwelewa. Akisema linapwita usiku akilala chali, mpaka anaamka na kukaa, nimeshajua kwamba neva ya ndani pengine haiponi tena. Watu wengi huku hueleza hayo yote kwa neno moja la Kiingereza walilolizoea, na daktari anaanza kubahatisha. Meno ya bandia ya kuvaa na kuvua nayo ni kazi nzuri ya kufanyia nyumbani, mradi ukae baada ya kukabidhiwa, kwa sababu wiki ya kwanza lazima yakuchubue mahali, na mahali hapo lazima pakwanguliwe na aliyeyatengeneza.

Implanti ni habari nyingine, kwa sababu ya mfupa. Mwaka 1965 Per-Ingvar Brånemark, mtafiti wa Sweden, alimwingizia skurubu za titani mgonjwa wake wa kwanza, Gösta Larsson. Larsson alifariki mwaka 2006, na skurubu zile zilikuwa bado zinafanya kazi. Alichokuwa amekigundua Brånemark ni kwamba mfupa hukua ukaishika titani mpaka vikawa kitu kimoja. Lakini hukua kwa wakati wake: miezi mitatu, minne, pengine sita. Likizo yako ya wiki tatu mfupa hauijui. Kwa hiyo ukipiga hesabu ya implanti ya nje, piga ya safari mbili, na ukiona bado inalipa, sawa. Matangazo ya "meno mapya kwa siku moja" hayasemi uongo moja kwa moja. Mgonjwa anayefaa anaweza kuingizwa skurubu na kufungiwa meno siku hiyo hiyo, ila mara nyingi hayo ni ya muda, na yale ya kudumu hufuata miezi baadaye. Uliza bei uliyotajiwa ni ya yapi.

Katika hao wa implanti, wapo ambao ningewatia moyo. Wazee wangu wa Kijaluo mliong'olewa meno sita ya chini kwa mila ya zamani, na nyinyi wa Kimasai mliotolewa mawili ya katikati: mfupa wa mbele wa taya ya chini ndio unaoshika implanti vizuri kuliko sehemu nyingine zote za kinywa. Miaka ikiwa mingi mfupa huwa umepungua, kwa hiyo lazima upimwe kwanza. Lakini mkiwa mnarudi Kisumu au Monduli mara kwa mara kwa shughuli zenu, safari mbili hizo mnazo tayari.

Nije sasa kwenye jambo linaloniuma. Naona hapa vijana wa Arusha na Meru, na bila shaka wapo wa Nakuru na Naivasha. Mnajua ninakokwenda.

Maji ya Bonde la Ufa na ya miteremko ya Meru na Kilimanjaro yana floridi nyingi kutokana na miamba ya volkano. Shirika la Afya Duniani linataka isizidi miligramu 1.5 kwa lita. Tanzania kwa miaka mingi iliruhusu hadi 4, kwa kuwa vijiji vingi visingepata maji kabisa kama kipimo kingebana. Ongeza magadi tunayotia kwenye maharage na makande, nayo yamebeba floridi. Mtoto anayekula na kunywa hivyo wakati meno yake ya utu uzima yanajengeka ndani ya taya huyaota yakiwa na mabaka meupe au ya kahawia. Kule nyumbani hakuna anayekutazama mara mbili, darasa zima liko hivyo. Ukifika huku unaulizwa kama unavuta sigara. Unaanza kucheka ukiwa umeziba mdomo kwa mkono. Halafu usiku mmoja simu inakuletea video ya Istanbul au Antalya, kule Uturuki: hoteli, dereva anakungoja uwanja wa ndege, siku tano, meno ishirini meupe pe.

Wanangu, nisikilizeni vizuri hapa. Ili jino livikwe kofia kamili linachongwa pande zote kama penseli, na zaidi ya nusu ya sehemu inayoonekana inaweza kwenda. Enameli, lile tabaka gumu la nje la jino, ikishaondoka haioti tena. Kofia nzuri, ikitunzwa, hukaa miaka kumi, kumi na tano, wakati mwingine zaidi, kisha hubadilishwa. Mwenye miaka 25 leo atazibadilisha mara tatu hivi kabla hajafika 70, ishirini kila mara, na kila mara jino lililo chini linabaki dogo zaidi. Baadhi ya meno hayo neva itafia ndani, na itabidi kofia itobolewe ili mzizi utibiwe. Chama cha madaktari wa meno cha Uingereza kimekuwa kikitoa onyo hili kwa sababu wanachama wake ndio wanaowapokea wanaorudi. Wengi wa hao walidhani wanawekewa vinia, ile kauri nyembamba inayobandikwa mbele ya jino, wakaja kugundua walichongewa kofia.

Na doa la floridi, kwa wengi wenu, limekaa kwenye tabaka la juu la enameli. Linaweza kupunguzwa kwa kusuguliwa kitaalamu pamoja na tindikali hafifu, kwa dawa ya kung'arisha inayotolewa na daktari, kwa resini ya majimaji inayopenya ndani ya doa. Likiwa limezama sana, meno manne au sita ya mbele yanaweza kufunikwa kwa resini ya kawaida, na vinia ikawa hatua ya baadaye kabisa. Yote hayo yanafanyika hapa Minnesota, na yanafanyika Arusha pia. Jino zima lenye doa ni jino zima. Sijasema madaktari wa Uturuki hawajui kazi, wapo mabingwa kule. Ninachokikataa ni ratiba. Aliyekutana nawe Jumatatu, akakuchonga Jumanne, akakuaga Jumamosi, hakuona fizi zako zikipona wala hajui kama usiku unasaga meno.

Mexico nayo mmeniuliza sana, na wala si mbali kwenu. Kuna mji mdogo unaitwa Los Algodones, mpakani, kilomita chache kutoka Yuma, Arizona. Wakazi wake ni elfu chache tu, lakini madaktari wa meno ni mamia. Watu huacha gari upande wa Marekani, wanavuka kwa miguu, wanatibiwa, wanarudi jioni. Miezi ya baridi foleni ya kurudi hujaa wazee wa Kimarekani na wa Kanada waliohamia Arizona kuikimbia theluji. Kwa mtu wa hapa ambaye hana safari ya nyumbani mwaka huu, nasema bila kinyongo kwamba Los Algodones inaweza kumfaa kuliko kwangu: implanti ikilegea ni ndege ya saa tatu hadi Phoenix na mwendo wa gari kama saa tatu nyingine, si bara na bahari. Chagua kliniki kabla hujavuka, usichaguliwe na vijana wanaokuita barabarani.

Lakini hapo ndipo inapokuja pasipoti, na jambo hili nalisema polepole kwa ajili ya ndugu zetu wa Kongo na Burundi. Kuvuka kwenda ni rahisi, kurudi ndiko kwenye maswali. Kama kesi yako ya kuomba hifadhi bado haijaamuliwa, ukitoka Marekani bila kibali cha kusafiri kilichotolewa mapema, unahesabiwa kuwa umeliacha ombi lako. Kwa jino! Na aliyekwisha kupewa hifadhi, akirudi kwenye nchi aliyoikimbia, hata kwa wiki mbili za meno na kumwona mama, anaweza kuulizwa kama kweli aliikimbia. Mimi si mwanasheria. Mwoneni mwanasheria wa uhamiaji kabla hamjamwona daktari wa meno wa nje, na msiufuate ushauri wa jirani aliyewahi kuvuka akapita salama.

Kwa wanaokuja nyumbani, nawaombeni jambo moja la ratiba. Tiketi mmeshailipia kwa ajili ya harusi, au Krismasi, au, Mungu apishe mbali, mazishi, na ni kweli hapo jino linakuwa la bei rahisi sana. Lakini mnatutembelea siku mbili kabla ya kuondoka! Mtu anakuja Alhamisi, taya limevimba, ndege ni Jumamosi. Njoo wiki ya kwanza. Kazi ya kukata ifanyike mwanzoni, ili kama pametokea usaha au ganzi isiyoisha uwe bado uko mikononi mwangu. Baada ya kung'olewa jino subiri siku mbili tatu kabla ya kupanda ndege, damu igande vizuri. Ukiongezewa mfupa kwenye taya la juu, karibu na ule uwazi wa nyuma ya shavu, ni wiki kadhaa, na mwenye kukuambia ni ngapi ni aliyekupasua. Desemba mafundi wa maabara wanaotengeneza kofia nao huenda kwao kula sikukuu. Ukitaka kofia, niandikie Oktoba.

Wenye kisukari, mje na vipimo vya sukari vya karibuni, si vya mwaka juzi. Wanaotumia dawa za kuzuia damu kuganda wasiziache wenyewe kwa kuambiwa na shangazi. Na akina mama mnaochomwa sindano au kumeza vidonge vya kuimarisha mifupa, lazima mseme kabla sijashika koleo, maana dawa hizo zinaweza kufanya taya lisipone baada ya kung'oa. Wengi hawasemi kwa kuwa wanaona mifupa na meno ni mambo mawili.

Daktari yeyote wa kwetu ana usajili, nao unaweza kutazamwa: Tanzania ni Baraza la Madaktari Tanganyika, Kenya ni KMPDC, baraza la madaktari na madaktari wa meno, na Uganda nayo ina baraza lake. Kuomba namba ya usajili si utovu wa adabu, na anayekasirika ukimwomba amekusaidia kuamua. Tazama pia pakiti ya vifaa ikifunguliwa mbele yako.

Na ukiondoka, usiondoke na tabasamu tupu. Omba kadi ya implanti yenye jina la kampuni, kipimo na namba ya toleo, omba eksirei ya mwisho, omba maelezo ya kazi yaliyoandikwa kwa Kiingereza. Kila kampuni ina bisibisi yake. Siku skurubu ikilegea mwezi Januari, theluji iko magotini, daktari wa hapa akikosa kujua ni ya nani hatakuwa na kifaa cha kuigusa, na wengi hukataa kabisa kazi iliyoanzwa na mwingine. Kwa hiyo kabla hata ya kusafiri, mpigie daktari wako wa hapa umuulize: nikirudi na kazi hii, utanihudumia? Akisema hapana, na hujapata mwingine wa kusema ndiyo, bei uliyotajiwa kule bado haijakamilika. Dhamana ya miaka kumi wanayokuandikia, isome hadi chini. Mara nyingi inalipia jino, nauli ni yako.

Naambiwa muda umekwisha na sufuria zimefunuliwa. Nitakaa meza ile ya pembeni. Mwenye eksirei kwenye simu aje nayo tuitazame pamoja, ni bure, na mwenye jambo la uhamiaji nitamwelekeza kwa wakili aliyepo hapa leo. Kijana wa koti la bluu aliinua mkono tangu nilipotaja Antalya. Haya, mwanangu, uliza, umeshalipa arubuni au bado?